Makala ya Ngalula na Matundu Yangu Mia Mbili

Kazi moya, tarehe 8 Septemba

Nilimukosea Ngalula. Naandika ile mbele ya yote, juu nikianza na bintu ingine nitaanza kujitetea. Najijua. Niko na miaka makumi tano na mbili ya kujijua.

Ngalula ni mupangaji yetu mu annexe, nyumba ndogo ya nyuma. Anasoma chimie ku université ya Kasapa, eko anamaliza. Miezi tatu alifanya paka kazi moya tu: kuchoma magunzi ya mahindi mu fût, pipa ya chuma yenye kufungwa, kuiloweka mu mayi ya majivu, kuichoma tena, kuifula, kuianika. Inatoka makala. Lakini haiko makala ya kupikia. Ni makala ya kusafisha gaz. Gaz yenyewe inatoka mu mavi ya nguruwe yangu saba, mu shimo ya ciment yenye bâche ya plastique juu. Tulisikilizana: miye natosha mavi, yee anatosha akili, na gaz inaenda mu cuisine ya bibi yangu, Angélique, ya kupikia.

Sasa jana, siku ya Mungu, mama mukwe yangu alifika toka kijiji yake, Lukafu. Kuku tayari. Chumvi tayari. Pilipili tayari. Makala mu nyumba: zéro. Gaz imefungwa, juu Ngalula alishamwanga makala ya zamani, alikuwa anangojea leo aweke ya mupya mu tuyau yenye kupitisha gaz. Na hata gaz ingekuwa! Kuku ya mama mukwe haichomwe na moto ya mavi.

Nilizunguka nyuma ya annexe. Nikaona mufuko. Mu mufuko, makala. Muntu anafanya nini?

Muntu anauliza. Njo ile nilipaswa kufanya. Sikufanya.

Ile moto! Haina moshi. Haina harufu. Kuku ikawa na rangi ya biscuit. Jirani yetu Stéphane akatosha kichwa juu ya ukuta. Stéphane njo ule mwenye kuweka bouteille yake ya gaz kwenye mulango ya barabara, bapita-njia baione. Akaniuliza makala ya namna hii naitosha wapi. Pale ningesema: ni ya Ngalula. Nikasema: ni miye nafanya, siri ya jamaa. Akasema mukubwa, weye kumbe ni muntu. Miaka kumi na moya tunakaa ukuta moya, hajasema ile neno. Nikamupatia nusu yenye ilibakia. Mu sachet. Bure. Nilitaka arudilie kusema.

Leo asubui mapema nilienda nyuma ya nguruwe na marteau, nikapondaponda makala ya soko, nikajaza mufuko mpaka juu. Ngalula akaimwanga mu tuyau. Akaniambia, Papa Falonne, hii ni miezi tatu ya maisha yangu. Akanifasiria: makala hii iko na matundu matoto-matoto yenye macho haiwezi kuona, njo inakamata harufu na ile hewa bure yenye haiwake. Kijiko moya tu, ukikunjua ndani yake yote, inaenea terrain ya football.

Nikamuambia félicitations kwa kazi yake. Ile tu niliweza.

Siku ya posho, tarehe 13, professeur yake anakuya na groupe électrogène, mashini ya umeme. Gaz isukume groupe, groupe iwashe ampoule ya taa. Ikiwaka, anaandika barua kwa ferme moya ya nguruwe njia ya Kasomeno, banatafuta muntu wa kazi ile. Isipowaka, Ngalula anarudia kuuzisha crédit ya téléphone kwenye kiti ya plastique, na diplôme mu sachet.

Kazi mbili, tarehe 9

Ngalula alifungua gaz asubui. Miye siko muntu wa science, lakini pua niko nayo. Mayayi yenye kuoza. Mingi.

Saa ile ile nilikuwa naingia kusalimia mama mukwe. Kwa bantu ya Lukafu, salamu ya mukwe haiko mchezo. Unabakia kwenye mulango. Unapiga magoti. Hauangalie uso yake. Unapiga makofi pole-pole. Yee naye hakusemeshe weye. Anasemeaka kintu yenye iko karibu, na weye unasikia. Basi, nikapiga magoti. Nikainama. Na paka pale nimeinama, harufu ikafika.

Hakuna mwenye alipumua. Mama mukwe akageukia sufuria. Akaiuliza: weye sufuria, bantu ya mujini banakulaka nini?

Sufuria ikanyamaza. Miye nikainama zaidi.

Angélique akanivuta inje na mukono ya chemise. Papa Falonne! Mbele ya mama yangu! Ningemuambia ni gaz. Lakini akisikia gaz, ataita Ngalula. Ngalula ataangalia tuyau. Mu tuyau kuko kazi ya marteau yangu. Nikapima. Upande huyu, mwizi. Upande huyu, muntu wa kunyambia mama mukwe.

Nikasema: ni maharagi.

Saa sita sufuria ilipata amri ya mama mukwe: nilipe kuku mweupe, mbele ya jua kuzama, ya kufuta haya. Nililipa.

Kazi tatu, tarehe 10

Kuku wa pili. Nilipita tu! Nilikuwa napita mbele ya dirisha ya cuisine, Angélique akawasha gaz, basi. Mama mukwe akaambia kifuniko kwamba kuko bantu habajifunzake. Nilikasirika. Kisha nikakumbuka kwamba sina haki ya kukasirika. Kisha nikakasirika tena.

Ngalula alishinda anapaka sabuni kwenye ma joint ya tuyau, aone kama gaz inavuja. Haivuje. Akaniuliza pole-pole, na heshima yote: Papa, kuko muntu aligusa mufuko yangu?

Hapa naandika na mukono yenye haya. Nilimuambia, mutoto yangu, pengine ulizima moto mbele ya saa. Pengine ni kazi yako njo haikuiva.

Na akaniamini! Akakaa ku tofali pembeni ya nguruwe, akafungua cahier yake, daftari ya kazi, akaanza kutafuta kosa yake page kwa page. Akalia bila sauti. Nguruwe moya ikakuya kumuangalia. Hata nguruwe.

Kuchoma makala ni kosa moya. Ile ya leo ni kosa ingine, na ni mukubwa. Niliamua kurekebisha yote, mbio, kwa siri.

Plan. Makala ya soko inakosa nini? Matundu. Matundu inafanywa na nini? Nilichukua sindano ya Angélique ya kushonea mufuko. Nilijifungia mu choo. Masaa matatu. Matundu mia mbili na kumi na mbili, nilihesabu, mu bipande ine. Kidole inatoka damu. Ngalula alisema matundu yake haionekane na macho. Yangu inaonekana! Kwa akili ya kawaida, yangu njo ya muzuri zaidi.

Nikaisukuma mu tuyau wakati Ngalula alienda kuchota mayi.

Kazi ine, tarehe 11

Gaz inanuka sawa jana. Sijue juu ya nini.

Niliongeza parfum ya Angélique, kofia moya ya chupa, mu tuyau. Sasa ni mayayi yenye kuoza yenye kuenda ku ndoa. Mama mukwe akaambia kijiko: anajipaka parfum ya banamuke juu ya kuficha.

Pale nikakumbuka Stéphane. Sachet! Nusu ya makala ya kweli iko inapumua upande ingine ya ukuta! Nilishukuru Mungu. Nikaenda sawa muntu anasalimia tu. Nikauliza ile makala inaendelea namna gani, sawa muntu anauliza habari ya mutoto.

Kumbe habakuichoma. Bibi yake, Estelle, aliona kwamba samaki yenye iliwekwa pembeni ya sachet haikunuka tena. Estelle iko na akili kunishinda. Alimwanga makala yote mu basine, akaiweka mu choo yabo. Akasema, Papa Falonne, makala yako ni muujiza, mu choo yangu sasa unaweza kukula.

Kuilomba? Nitasema nini? Siri ya jamaa inarudishwa namna gani? Basi nikalomba choo.

Pantalon yangu iko na mifuko mbili. Nikajaza. Nikatoka, nikasema aksanti. Nikamwanga nyumbani. Nikarudi. Nikalomba choo. Mara ya tatu Stéphane akacheka. Mara ya ine akaacha kucheka. Mara ya tano alinifungulia yee mwenyewe mulango, na karatasi ya choo mu mukono, akaniambia: courage, mukubwa, hata baba yangu alianzaka vile.

Nilirudi na yote. Makala mu mifuko, mikono nyeusi, na moyo mwepesi. Nikasema, Ngalula, nimekuokoa. Nilisema mu roho. Yee alikuwa mu annexe, anatafuta kosa.

Kazi tano, tarehe 12

Asubui, wakati Ngalula alienda ku Kasapa kuleta karatasi, nilifungua tuyau, nikatosha makala yangu ya soko, nikaweka ya Estelle. Haikuenea, tuyau haikujaa. Nikamalizia na ya soko, na bipande ine yangu ya sindano katikati, juu kazi ya muntu haitupwe.

Saa ine, Estelle alikuya kusalimia mama mukwe. Banamuke baliongea. Siku yangu ikaisha pale.

Juu Estelle, na huruma yote, alisema: baba huyu mumuangalie, jana alikuya ku choo yetu mara tano, na anabakia mule. Mama mukwe akapiga mikono. Sasa yote ikafahamika! Haiko zarau, ni ugonjwa! Akafungua kitambaa yake, akatosha mizizi ya Lukafu, akaichemsha mwenyewe. Akaambia kopo: mwenye kukunywa weye anakunywa yote, na mbele yangu.

Ningesema hapana, ningefasiria nini? Nikapiga magoti. Nikakunywa.

Saa tano mpaka saa kumi nilikuwa muntu wa choo wa kweli. Hakuna uongo tena mule. Nilikaa, nikawaza maisha yangu. Nikaapa: kesho, mbele ya professeur, nitasema kweli. Nitaanza na «Nilimukosea Ngalula». Niliirudilia mara kumi. Ilikuwa muzuri. Nilifikiri hata bantu batalia kidogo.

Siku ya posho, tarehe 13

Professeur Kalaba alifika saa tatu kamili. Muntu mufupi, viatu safi, anatembea mu lupango, uwanja ya nyumba yetu, sawa muntu anapita juu ya mayayi. Groupe ikawekwa. Ampoule ikatundikwa ku muti ya kuanikia nguo. Biti ya kukalia ikapangwa. Stéphane na Estelle balikuya na kiti yabo. Mama mukwe akakaa akinipatia mugongo, sawa desturi inalomba. Ngalula alivaa robe ya kanisa.

Akafungua robinet ya gaz. Stéphane akavuta kamba ya groupe.

Koh. Koh-koh. Tsss.

Ampoule ikawa nyekundu sawa ncha ya sigara. Ikafa.

Kisha harufu. Mayayi, parfum, na choo ya Estelle, yote pamoja. Bantu yote bakaniangalia miye. Stéphane akainamia sikio ya professeur, na professeur akasogeza kiti yake mbali na yangu. Kidogo tu. Na adabu.

Ngalula akafunga robinet. Akafungua tuyau. Akatosha makala moya, akaivunja, akaiangalia. Akasema hii haiko ya magunzi, hii ni muti. Akatosha ingine, akanusa, akasema hii ni yangu, lakini imeshashiba, makala iko sawa tumbo, ikijaa haikamate kintu tena, nani aliilisha mbele yangu? Akatosha ya tatu. Akaiinua juu, jua ikapita ndani yake. Matundu. Mistari muzuri, sawa chujio.

Akauliza: nani alitoboa makala?

Nilisimama. Saa ilikuwa imefika. «Nilimukosea Ngalula.» Maneno ilikuwa mu kinywa, tayari. Nikafungua kinywa.

Nikasema: panya.

Professeur akaniuliza kama panya ya Lubumbashi sasa inatembea na sindano.

Pale mama mukwe akageuka. Haiko kwangu. Akageukia groupe. Akasema: weye mashini mwenye kukohoa, sikia. Siku ya Mungu nilikula kuku. Tamu. Nikaangalia mu mbabula, jiko ya makala, nikaona magunzi ya mahindi yenye kuwaka. Miye natoka Lukafu, naijua magunzi sawa batoto yangu. Nikajua kwamba ni ya ule mutoto mwanamuke. Nikangojea mukwe yangu aseme. Nikamulipisha kuku moya, aseme. Nikamulipisha wa pili. Nikamunywesha dawa. Muntu anaacha tumbo yake itoke, kinywa yake inakataa! Weye mashini, uambie bantu: ule hakunyamba hata siku moya. Heri angenyamba.

Stéphane alianguka na kiti.

Angélique akaenda kusimama pembeni ya Ngalula. Ile ilikuwa mubaya kupita yote. Ngalula akaweka makala chini. Akasema paka neno moya: Papa, siku ya kazi tatu nililia juu ya kosa yangu. Nilipekua cahier yote.

Nikapiga magoti, mbele ya Ngalula sasa, mu vumbi. Nikasema yote: mufuko, marteau, sindano, choo. Hata parfum. Angélique hakujua ya parfum.

Professeur akafunga mufuko yake. Akamuuliza Ngalula kama anaweza kufanya makala ingine. Ngalula akasema miezi tatu ilikuwa ya kutafuta njia. Njia iko mu cahier. Sasa mikono njo inakosa. Professeur akasema anarudi siku ya posho, tarehe 27, mara moya ya mwisho. Kisha pale, isipowaka, ataandikia bantu ya ferme jina ya muntu mwingine.

Bote bakaangalia mikono yangu.

Kuku mbili hazirudi. Mama mukwe alibakia na moya. Ya pili alimupatia Ngalula, na aliifasiria kuku yenyewe juu ya nini.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Sikuenda kanisa. Stéphane anaimba mule mu chorale.

Asubui nilimukuta Ngalula anafula tuyau. Nikamulomba kazi. Hakunisamehe. Alinipatia pelle ya kuchotea na liste ya kazi. Naona ni sawa.

Basi naandika hapa, na mukono safi, mbele ya Mungu na ya cahier hii: kazi tano, tarehe 26, mbele ya jua kuzama, nitaweka mufuko mu mikono ya Ngalula, yenye kujaa mpaka juu, makala ya magunzi, sawa cahier yake inasema. Magunzi nitaitosha Lukafu miye mwenyewe, kesho, kwa bandeko, bandugu ya mama mukwe. Fût nitaichunga miye. Mayi ya majivu nitaichota miye. Sitazima moto mbele ya saa. Na mama mukwe atakaa pale kuona, aambie mufuko kama ni kweli. Hakuna siri tena mu lupango hii. Hakuna akili yangu. Paka ya Ngalula.

Nilienda kutupa ile bipande ine ya sindano. Nikaiangalia kidogo. Mistari ilikuwa sawa kabisa. Na kosa yake sasa naijua: matundu mia mbili haieneye. Na sindano ilikuwa munene. Angélique iko na ingine, ya kushonea nywele ya perruque, nyembamba sawa unywele.

Tarehe 26, mufuko mu mikono ya Ngalula. Niliapa. Na chini kabisa ya mufuko, kopo moya tu ya makala yangu, matundu elfu moya. Sitamuambia. Siku ile ampoule ikiwaka kupita jua, njo nitasema.